Jina huanzia kulia

Viholda 12 vya funguo, vya rezini, nilivyowatengenezea wanakikoba wenzangu vilitoka kwenye kalibu vikimeremeta kama kioo, na hakuna hata kimoja kilichosomeka. HAWA alikuwa AWAH. TATU alikuwa UTAT. Mwanahamisi, ambaye herufi zake 11 nilizipanga nusu saa nzima kwa kibanio cha kunyolea nyusi, alikuwa neno ambalo hata mganga asingelitamka. Kikao kilikuwa kesho yake saa kumi jioni. Nikakaa barazani uani, viholda vimenizunguka, nikacheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni.

Dawa nilipewa na mwanangu wa pili, yule anayekwenda chuoni kwa maalimu. Alichukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha chini. "Mama, si ungeandika kama Kiarabu? Anzia kulia." Akaenda zake kucheza mpira.

Alikuwa na haki. Kwenye kalibu ya silikoni, sehemu ya chini ndiyo uso. Wewe unafanya kazi ukiwa mgongoni mwa kitu, unamimina kutoka nyuma kwenda mbele, na ukiweka herufi zisomeke kwako, anayekitazama upande wa pili anaona kinyume. Herufi zinalala kifudifudi na ya kwanza inakaa kulia. Nimekwishatengeneza mamia tangu siku ile, na bado kabla ya kumimina tabaka la rangi huwa nashika kioo cha mkononi nilitazame jina kwanza.

Sikuanza hii kazi kwa mipango. Kaka yangu ni seremala hapa hapa Ngamiani, Tanga, na alipata tenda ya meza ya mninga yenye "mto" wa buluu katikati, zile meza ambazo kila mwenye hoteli anazitaka sasa. Kazi ilipoisha ikabaki rezini, ile plastiki ya maji inayomiminwa ikaganda ngumu kama kioo, kama nusu lita, na hadina yake, dawa ya kuigandisha. Alitaka kuitupa. Mimi nilikuwa na kalibu moja ya kutengenezea barafu za umbo la moyo. Basi.

Hapo kwenye hadina nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipopotezea rezini nyingi kuliko mahali pengine popote, na ushauri mbaya nilipewa kwa mapenzi mema. Mafundi wetu wengi wameijua hadina kwenye gereji, kwenye zile putti za kuziba mabonde ya magari. Kule unaweka hadina kidogo tu, kama punje kwenye kiganja, na ukiwa na haraka unaongeza, inakauka upesi. Kaka naye aliniambia hivyo: "Isipokauka, ongeza hadina." Nikaongeza. Haikukauka. Nikaongeza tena siku iliyofuata kwenye mchanganyiko mwingine. Ikawa kama ubani uliolowa, ukiushika alama za vidole zinabaki, ukiuacha vumbi linang'ang'ania.

Ile ya gereji ni aina nyingine kabisa, na hadina yake inachochea tu, kama hamira. Hii ya kwetu ni epoksi, na hadina yake ni sehemu ya kitu chenyewe. Kila chembe ya rezini inatafuta mwenzake wa kushikana naye upande wa hadina. Ukizidisha wanaume kwenye ngoma ya kupokezana, waliozidi wanabaki wamesimama pembeni, na hao waliosimama ndio unaowasikia wananata kwenye vidole. Chupa ikisema mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Na usome vizuri kama wanasema kwa ujazo au kwa uzito, maana rezini ni nzito kuliko hadina na vipimo hivyo viwili havilingani. Nilinunua mizani ndogo kama ile ya masonara, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na nikaachana na vijiko. Tangu hapo sijapata kitu kinachonata, isipokuwa siku moja nilipokoroga huku napokea simu.

Kukoroga nako ni dakika nne kwa saa, pole pole, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Kisha namimina kwenye kikombe cha pili na kukoroga tena dakika moja. Watu wanaona ni uzushi. Ila ile rezini iliyojificha kwenye kona ya kikombe cha kwanza ndiyo inayokuja kukutokea kama doa bichi katikati ya jina la mtu.

Halafu kuna joto. Rezini na hadina zikishikana zinatoa moto zenyewe, na kadiri unavyochanganya nyingi mahali pamoja ndivyo unavyokuwa mkubwa. Mwezi wa pili, kaskazi inavuma, jua la Tanga unalijua. Nilichanganya kama gramu 300 kwenye kopo refu la plastiki nikidhani nimekuwa mjanja, nimalize kalibu zote kwa mkupuo mmoja. Nikajaza kalibu sita, nikageuka kutafuta glita, nikasikia harufu. Kopo lilikuwa linatoa moshi, limelegea kiuno kama mtu aliyekunywa, na ndani rezini imeshakuwa jiwe la njano lenye nyufa. Nililisukuma kwa ufagio hadi kwenye mchanga. Siku hizi, wakati wa joto, sichanganyi zaidi ya gramu 60 kwa mara moja. Hizo zinanitosha viholda vinane, au vibati vya paka, vile vya kuning'iniza kwenye kola, zaidi ya 30. Na nikishakoroga, ninaimwaga kwenye sahani pana badala ya kuiacha imerundikana kikombeni. Muda wa kufanyia kazi, ambao kwenye karatasi wanasema dakika 40, hapa kwetu mchana wa kaskazi ni kama 20. Usiku unarudi.

Masika ina vitimbi vyake vingine. Hewa imejaa maji, na hadina inapenda kuchezeana na unyevu. Asubuhi unakuta juu ya kazi yako pametanda utando kama mafuta ya nazi yaliyoganda, mweupe mweupe, unaoteleza kwenye kidole. Kazi haijaharibika. Maji ya vuguvugu na sabuni, unasugua, unakausha. Ila ukimimina tabaka jingine juu yake bila kuosha, tabaka zitakuja kuachana kama chapati. Mimi huweka kalibu ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nimewaomba watu wa duka la viatu, sasa wananitunzia.

Mapovu siyaogopi tena. Kusi ikivuma na asubuhi kuna baridi, naweka chupa ya rezini kwenye bakuli la maji ya moto dakika kumi, inalegea, mapovu yanapanda yenyewe. Yanayobaki nayapitishia mwali wa kiberiti cha gesi, kwa mbali na upesi, maana ukikawia unaunguza silikoni na kalibu hiyo haitatoa tena uso wenye mng'ao.

Niseme na vidole vyangu. Miezi minne ya kwanza sikuvaa glavu. Nikimwagikiwa najifuta kwa spiriti, naendelea. Mwezi wa tano vikaanza kuwasha katikati ya vidole, kisha kope za macho zikavimba, na mimi macho sikuyagusa, ila kumbe mikono inafika kote. Nesi wa zahanati akaniambia mwili umeshaikataa, na ukishaikataa hausahau. Ndivyo ilivyo hadi leo: tone moja kwenye ngozi, usiku mzima najikuna. Navaa zile glavu za buluu za nitrili, mikono mirefu, na dirisha lote wazi. Kusugua kwa msasa nafanya ndani ya beseni la maji ili vumbi lisipande puani: naanza namba 400, nafuata 800, namaliza 2000. Na hakuna kikombe kinachotoka jikoni kikaja huku kikarudi jikoni. Hilo sina mjadala nalo, hata na mama mkwe.

Sasa vya kuweka ndani. Nilitaka sana asumini. Nani wa pwani asingetaka? Nilifikiria kiholda cha bibi harusi chenye asumini tatu, mpya, zimechumwa alfajiri. Baada ya wiki mbili zilikuwa kahawia, zimezungukwa na ukungu, kama vipande vya vitunguu kwenye mchuzi uliolala. Ua bichi lina maji, na maji hayapatani na rezini. Nikazikausha kwanza, zikawa kahawia kabla hata ya kuingia. Asumini ni ya kunuka, nimekubali yaishe. Yale maua ya karatasi yanayopanda kwenye kuta ndiyo yananifaa: ukiyabana katikati ya kitabu kizito wiki mbili, rangi inabaki karibu ile ile.

Kinachouzika kuliko vyote ni mkonge. Naweka nyuzi chache ndani, zimelala kama nywele, na nje nafunga kishada kidogo cha mkonge badala ya mnyororo. Wageni wanapenda, na wenyeji walioko Dar es Salaam wanapenda zaidi. Nikiwa nauza huwa nawasimulia Mjerumani Hindorf, aliyeuleta mwaka 1893: miche 1,000 iliondoka Florida, ikafika hai 62 tu, na mashamba yote yale ya njia ya Korogwe yakatokana na hiyo. Mteja mmoja akanijibu, "Kumbe hata mkonge umefika hapa kwa bahati, kama mimi." Ufundi wake ni huu: uzi wa mkonge umejaa hewa. Ukiutumbukiza mkavu, mapovu yanatoka usiku kucha. Ninaupaka rezini kwanza kwa brashi, naacha unyonye robo saa, ndipo unaingia kwenye kalibu.

Siku moja mzee mmoja wa mtaani alikiokota kiholda kwenye meza yangu, sisimizi amenaswa ndani kwa bahati mbaya, nami nilikuwa nimeshakitenga kama kibovu. Akakiinua kwenye mwanga. "Hii sandarusi umeitoa wapi?" Nikamwambia ni rezini ya dukani. Akasema babu yake alikuwa akichimba sandarusi, utomvu wa msandarusi uliozikwa ardhini miaka na miaka, na wadudu wamo ndani vile vile, miguu yao yote. Hapo zamani sandarusi ya pwani hii ilisafirishwa kutoka Unguja hadi Salem huko Marekani, wakaipika kuwa vanishi ya kupakia samani. Nikampa kile kiholda bure. Hadi leo funguo zake za duka zinaning'inia kwa sisimizi.

Kuhusu majina: herufi kubwa nakatiwa na fundi stika, yule yule anayekata maandishi ya vioo vya daladala. Namwandikia kwenye karatasi, ananikatia kwa mashine kwenye stika nyeupe au ya dhahabu. Namimina tabaka angavu la milimita mbili, nasubiri saa tatu hivi hadi liwe zito kama uji wa muhogo ulioanza kuganda, ndipo nalaza herufi, kifudifudi, kuanzia kulia. Kila herufi naichovya kwanza isishike hewa chini yake. Ndipo rangi. Kesho yake natoa.

Vibati vya wanyama ni kazi nyingine. Navyo naviita vibati ingawa havina hata chembe ya bati. Kiholda kikikatika, mtu anaokota funguo zake na kusonya. Kibati kikikatika, mnyama hana wa kumsemea.

Nilianzia kwa paka wangu mwenyewe, Karani, wa kijivu mwenye kifua cheupe kama amevaa shati la ofisini. Kibati chake cha kwanza nilikitoboa tundu karibu mno na ukingo, kikapasuka ndani ya wiki. Cha pili niliweka skrubu ndogo yenye kikuku, ile inayopigwa ukingoni mwa viholda, ikachomoka. Sasa tundu linapita kabisa kwa drili ya mkono, milimita mbili, na naacha milimita tatu na zaidi hadi ukingoni. Pete ninayoitumia ni ile ya kujizungusha mara mbili kama ya funguo. Ile nyembamba yenye mwanya inafunguka mbwa akijikuna mara tatu.

Ukubwa nao. Cha paka ni duara la milimita 25, unene milimita 3, hakifiki gramu mbili. Cha mbwa milimita 38. Watu wanataka jina la mnyama lijae kibati kizima, na namba ya simu iwe nukta. Nabishana nao kwa upole. Mtu aliyemkuta mbwa wako Mikanjuni hahitaji kujua kwamba anaitwa Simba, na kwa taarifa yako nimeshatengeneza Simba watatu wa Raskazone peke yake. Anahitaji tarakimu 10 anazoweza kuzisoma akiwa amesimama hatua moja kutoka kwenye meno. Namba iwe na urefu wa milimita tatu isipungue, nyeusi juu ya nyeupe, na ikiwezekana namba mbili: ya mwenye mnyama na ya mtu ambaye hakosi nyumbani.

Herufi ndogo namna hiyo mashine ya stika haiwezi. Nakwenda steshenari, wananichapia kwenye karatasi ya plastiki angavu kwa printa ya leza. Ile printa ya wino wa maji niliijaribu. Namba saba ilivuja ikawa kama inalia. Plastiki haina shida ya kulia na kushoto, unaigeuza tu. Ukiwa huna, karatasi ya kawaida inafaa kama utaipaka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, mara mbili, ikauke. Bila gundi inanyonya rezini na kuwa kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Kisha nikagundua jambo: watu wanabadilisha laini. Mteja mmoja alirudi baada ya miezi miwili, kibati kizima kabisa, namba imekufa. Kwa hiyo sasa namba inakaa nyuma, juu kabisa, chini ya tabaka jembamba la rezini ya mwanga, ile inayokauka kwa taa ya kucha. Wifi yangu ana saluni ya kucha, taa yake naiazima Jumapili. Dakika tatu, tayari. Namba ikibadilika nakwangua tabaka hilo kwa msasa, naweka mpya, nafunika tena. Rezini hiyo usiipe rangi nzito, mwanga haupiti. Juu inakuwa ngumu na ndani kubaki maji. Na funga chupa. Yangu niliiacha wazi barazani saa sita mchana, jua likanikaushia bure.

Baada ya chanjo za kichaa cha mbwa, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wananijia wengi wakitaka niandike "amechanjwa" na mwaka. Nilikuwa naandika. Nimeacha. Kibati kinadumu kuliko chanjo, na mwaka ujao kitakuwa kinasema uongo shingoni mwa mnyama. Kadi ya bwana mifugo ndiyo ushahidi. Na mtoto wa mbwa anayetafuna kila kitu simtengenezei. Vipande vya rezini tumboni si mchezo, asubiri akue.

Jua nalo linaidai haki yake. Nyeupe ya mwaka jana imekuwa rangi ya meno ya mvuta kiko. Na kijana wa bodaboda aliniletea kiholda chake kimepinda kama ulimi, kilikuwa juu ya tangi la pikipiki mchana kutwa. Nilikitia kwenye maji ya moto, nikakilaza juu ya kioo, nikakiwekea tofali. Kikanyooka. Hakulipa, lakini ameniletea wateja wanne.

Kola za paka nanunua zile zenye kifungo kinachofunguka chenyewe akinasa mahali. Mume wangu aliniuliza faida ya kola inayofunguka ni nini. Nikamjibu, nikiwa sina hakika sana. Wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, simu ikaita, namba ngeni.

"Samahani dada, nani Karani?"

"Paka wangu."

"Basi nimemkuta kwenye tenga langu la samaki. Shingo tu. Mwenyewe simwoni."

Moyo ulinipasuka, kisha nikageuka. Karani alikuwa amelala juu ya nguo nilizokwisha kuzikunja, shingo wazi, mdomo unanuka dagaa. Alikuwa amedandia tenga baiskeli ilipopita mtaani kwetu alfajiri, kola ikanasa kwenye waya, ikafunguka, ikasafiri peke yake hadi diko la Deep Sea.

Mchuuzi aliirudisha jioni. Hakutaka pesa. Alikitazama kibati muda mrefu, akakikwaruza kwa ukucha, akauliza kama naweza kumtengenezea kiholda cha ufunguo wa kufuli la baiskeli, chenye jina.

"Jina lako nani?"

"Langu la nini? La baiskeli. Inaitwa Subira."

Usiku nikawasha taa barazani, nikavaa glavu. Nikaitoa S kwenye stika, nikaichovya, nikailaza kifudifudi, kulia kabisa.